Mwanamke aliyekamatwa: maswali ya hatari na mahitaji, yanatafuta nini na jinsi ya kuyajibu

Ukikamatwa, au ndugu yako wa kike akikamatwa, kuna watu watakaouliza maswali yasiyohusu kosa lenyewe. Unaishi wapi? Unaishi na nani? Una kazi gani? Umewahi kufungwa? Watoto wako sasa hivi wako na nani?

Wengi hujibu haraka haraka kwa woga, wakidhani ni maswali ya kujaza fomu tu. Sivyo. Majibu hayo humsaidia polisi, hakimu au mkuu wa gereza kuamua kama mama atalala nyumbani au rumande, kama atafanya kazi ya huduma kwa jamii au atafungwa, na kama watoto watabaki na mtu anayejulikana au watabaki peke yao.

Makala haya yanaeleza maswali hayo yanatafuta nini, kwa nini mara nyingi yanamsoma mwanamke vibaya, na mwanamke mkimbizi aliye Uganda anaweza kufanya nini ili asomwe sawasawa. Ni maelezo ya jumla. Hayachukui nafasi ya wakili.

Tathmini ya hatari na mahitaji ni nini?

Ni kazi ya kumchunguza mtu aliyeshtakiwa au aliyehukumiwa ili kujibu maswali mawili.

- Hatari: Je, mtu huyu akiachiwa anaweza kutoroka, kuwatisha mashahidi, kumdhuru mtu au kurudia kosa?
- Mahitaji: Ni jambo gani katika maisha yake ambalo lisiposhughulikiwa litamrudisha kwenye matatizo? Inaweza kuwa njaa, ulevi, mume anayempiga, ugonjwa wa akili au kukosa mahali salama pa kulala.

Katika nchi kama Kanada, Marekani na Uingereza, tathmini hii hufanywa kwa fomu ndefu. Kila jibu hupewa alama, na jumla ya alama humweka mtu kwenye hatari ya chini, ya kati au ya juu. Lakini tathmini si lazima iwe fomu. Polisi anayekuuliza kama una mdhamini anakutathmini. Hakimu anayeuliza kama una makazi ya kudumu anakutathmini. Afisa wa probesheni na ustawi wa jamii anayekuja kuongea na majirani zako naye anakutathmini.

Tathmini *inayozingatia jinsia* ni ile inayouliza pia mambo yanayowafikisha wanawake mahakamani, na inayopima hatari yao kwa kuangalia maisha ya wanawake, si ya wanaume peke yake.

Inafanyika wakati gani?

Nchini Uganda maswali haya yanaweza kukufikia katika hatua tano:

1. Kituo cha polisi. Katiba inasema mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, kama hajaachiwa kabla ya hapo. Polisi wanaweza kukuachia kwa bondi wakiridhika kwamba utarudi ukiitwa. Bondi ya polisi ni bure.
2. Wakati wa kuomba dhamana mahakamani. Hakimu huangalia uzito wa kosa, historia yako, kama una mahali pa kudumu pa kuishi katika eneo la mahakama, na kama unaweza kuwaingilia mashahidi.
3. Kabla ya hukumu. Ukipatikana na hatia, mahakama inaweza kutaka kujua hali yako, tabia yako na historia yako kabla ya kutoa adhabu.
4. Unapopokelewa gerezani. Maafisa huamua utalala wapi, utalindwa vipi na utapata huduma gani.
5. Unapokaribia kutoka. Hapa swali kubwa ni utarudi wapi, na je, hapo ni salama?

Hatua ya kwanza na ya pili huwaumiza wengi zaidi, kwa sababu mambo huenda haraka na mara nyingi wakili hajafika.

Kwa nini maswali ya kawaida yanamsoma mwanamke vibaya?

Duniani kote wanawake na wasichana waliofungwa, pamoja na walio rumande, ni zaidi ya 740,000. Hiyo ni hesabu iliyotolewa mwaka 2022. Ni karibu asilimia 7 tu ya wafungwa wote. Kwa hiyo waliotengeneza fomu za kupima hatari walikuwa na wanaume wengi mbele yao na wanawake wachache. Maswali yalitokana na maisha ya wanaume: marafiki wahalifu, kukosa kazi, kuhamahama, kuacha shule, kutokuwa na familia thabiti.

Fomu mojawapo inayotumika sana ilitoka Kanada, na ina maswali 54. Watetezi wake wana hoja yenye nguvu. Mwaka 2009 watafiti walikusanya tafiti zilizohusu wanawake 14,737, wakaona kwamba fomu hiyo inaweza kutofautisha wanawake wanaoelekea kurudia kosa na wasioelekea. Lakini kuwapanga watu kwa foleni ni jambo moja, na kujua kwa nini kila mmoja yuko kwenye foleni ni jambo lingine.

Tuchukue mfano. Mwanamke huyu ni wa kubuni, lakini maisha yake mtayatambua. Tumwite Mama Neema. Ana miaka 29 na watoto watatu. Alivuka mpaka pale Bunagana, akakaa kituo cha Nyakabande, kisha akapelekwa makazi ya Nakivale. Siku moja foleni ya maji ilivurugika. Alisukumana na jirani, jirani akaanguka na kuumia mkono. Mama Neema akakamatwa kwa shambulio.

Sasa sikiliza majibu yake kama yanavyoandikwa kwenye fomu ya kawaida:

- Kazi: hana.
- Elimu: aliishia darasa la nne.
- Makazi: amehama mara nne katika miaka miwili.
- Mume: wametengana.
- Ndugu wa karibu: hakuna katika wilaya hii.
- Hali ya moyo: analia, hasinzii usiku, anakasirika haraka.

Kwa kuhesabu alama, huyu ni mtu wa hatari. Hana kazi, hatulii mahali pamoja, hana familia, ana hasira. Lakini kila jibu lina maelezo yake. Alihama kwa sababu alikuwa akikimbia vita, halafu alihama tena ndani ya makazi ili amkimbie mume aliyekuwa akimpiga. Hana ajira ya mshahara, lakini analima shamba dogo na anauza mboga. Hasinzii kwa sababu ya aliyoyaona njiani. Na jambo ambalo fomu haikuliuliza ni kwamba hajawahi kumpiga mtu maishani mwake, na ana watoto watatu ambao hawezi kuwaacha akatoroka.

Mwaka 1992 mtafiti wa Marekani, Kathleen Daly, alichapisha matokeo ya kusoma kwa makini majalada ya wanawake 40 waliopita katika mahakama ya mji wa New Haven. Aliona kwamba njia zilizowafikisha hapo hazikuwa moja. Kuna walioumizwa utotoni, kuna waliokuwa wakipigwa na wanaume, kuna walioingizwa kwenye dawa za kulevya na wapenzi au ndugu. Tangu hapo tafiti nyingi zimerudia jambo hilo: kwa wanawake wengi, kuumizwa kulitangulia kosa.

Hata hapa jirani, Kenya, idara ya probesheni na shirika la Penal Reform International walichapisha mwaka 2016 utafiti juu ya wanawake waliopewa adhabu za nje ya gereza. Kosa lililojitokeza sana lilikuwa la pombe haramu, kama kupika na kuuza chang'aa. Anayeishi makazini anajua mama hupika pombe kwa sababu gani: mgao umepungua na ada ya shule inadaiwa.

Tathmini inayozingatia jinsia inauliza nini?

Kazi inayojulikana zaidi ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 nchini Marekani, pale taasisi ya taifa ya magereza ilipoungana na Chuo Kikuu cha Cincinnati chini ya Patricia Van Voorhis. Walitengeneza fomu kwa ajili ya wanawake na kuijaribu katika majimbo kadhaa, yakiwemo Missouri na Minnesota. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Maswali ya wanawake yalipoongezwa kwenye yale ya kawaida, utabiri ulikuwa bora zaidi katika makundi mengi yaliyopimwa.

Mambo yaliyoongezwa ni haya:

- kupigwa au kunyanyaswa kingono, utotoni na ukubwani;
- huzuni nzito na majeraha ya moyo yanayotokana na mambo ya kutisha;
- mahusiano yanayomwumiza au yanayomlazimisha kufanya asichotaka;
- kuishi mahali pasipo salama;
- mzigo wa kulea watoto bila msaada;
- umaskini, yaani kukosa chakula, nguo na mahitaji ya kila siku.

Fomu hiyo inauliza pia juu ya nguvu za mwanamke. Nani anamsaidia? Ana uhusiano gani na watoto wake? Anajiamini kiasi gani? Ana elimu au ujuzi gani? Mtu anayehesabiwa makosa peke yake daima ataonekana mbaya. Mama Neema ana kikundi cha kuweka akiba, ana dada wa kanisani anayemwamini, na mwenyekiti wa RWC wa kijiji chake anamjua. Hayo hayamo kwenye orodha ya hatari, lakini ndiyo yanayomhakikishia hakimu kwamba siku ya kesi atakuja.

Mahitaji si hatari

Hili ndilo jambo kubwa katika makala haya.

Mwanamke akisema alibakwa njiani, au kwamba hasinzii usiku, jibu hilo linaweza kwenda njia mbili. Linaweza kuwa sababu ya kumtafutia mshauri, daktari na mahali salama. Au linaweza kuandikwa kwamba hana utulivu wa akili, likawa sababu ya kumnyima dhamana au kumfungia chini ya ulinzi mkali. Maneno ni yaleyale, lakini maisha yanaenda pande mbili tofauti.

Mtaalamu wa Kanada, Kelly Hannah-Moffat, ameandika kwa miaka mingi juu ya jinsi mahitaji ya wanawake yanavyogeuzwa kuwa hatari. Mwaka 2003 Tume ya Haki za Binadamu ya Kanada ilichunguza hali ya wanawake waliofungwa na magereza ya shirikisho, ikataka namna ya kuwapanga katika ngazi za ulinzi ibadilishwe ili iwafae wanawake.

Kuna kesi nyingine ya Kanada ambayo mkimbizi anapaswa kuijua. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kesi ya Ewert. Mlalamikaji alikuwa mwanamume mzawa wa asili wa Kanada. Alisema alipimwa kwa vipimo ambavyo havijathibitishwa kwamba vinafanya kazi kwa watu wa jamii yake. Mahakama ilikubali kwamba idara ya magereza ilivunja wajibu wake wa kisheria kwa kutumia vipimo hivyo bila kuhakikisha usahihi wake. Uamuzi huo hauifungi mahakama ya Uganda, lakini hoja yake inaeleweka popote: kipimo kilichotengenezwa kwa watu wengine kinaweza kukupima vibaya. Kwa mkimbizi, kutokuwa na ndugu wilayani si dalili ya uhalifu. Ni matokeo ya kukimbia.

Sheria na kanuni zinazokulinda

*Katiba ya Uganda ya 1995.* Unahesabiwa huna hatia mpaka ithibitishwe au ukiri mwenyewe. Hulazimishwi kutoa ushahidi dhidi yako. Una haki ya mkalimani bila kulipa kama huelewi lugha ya mahakama. Kwa kosa lenye adhabu ya kifo au kifungo cha maisha, una haki ya wakili anayelipwa na Serikali. Ukikaa rumande siku 60 bila kesi kusikilizwa, kwa kosa ambalo mahakama ya chini pia inaweza kulisikiliza, mahakama inapaswa kukuachia kwa dhamana yenye masharti yanayofaa. Kwa makosa yanayosikilizwa na Mahakama Kuu peke yake, ni siku 180.

*Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2000.* Kwa kosa dogo, yaani lile ambalo kifungo chake hakizidi miaka miwili, mahakama inaweza kutoa kazi ya huduma kwa jamii badala ya kifungo. Kazi hiyo haizidi miezi 6, na haizidi saa 8 kwa siku. Kabla ya kuitoa, mahakama inapaswa kuangalia hali, tabia na historia yako, na kukuuliza kama unakubali.

*Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto.* Uganda iliuridhia mwaka 1994. Ibara ya 30 inazitaka nchi zifikirie kwanza adhabu isiyo ya kifungo kwa mama mjamzito na mama mwenye mtoto mchanga au mdogo. Huu ni mkataba, na Serikali imejifunga nao.

*Kanuni za Bangkok.* Zilipitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 2010. Ziko 70. Si mkataba, kwa hiyo hakimu halazimiki nazo, lakini wakili anaweza kuzitaja. Zinazohusu makala haya ni hizi:

- Kanuni ya 2: mama mwenye watoto aruhusiwe kuwapangia watoto malezi kabla ya kuingia gerezani au anapoingia.
- Kanuni ya 8: mwanamke ana haki ya kutosema habari za uzazi wake, na siri zake za matibabu zilindwe.
- Kanuni ya 41: tathmini izingatie kwamba kwa kawaida wanawake si hatari kubwa kwa wengine, na kwamba ulinzi mkali na kutengwa huwaumiza sana. Ukatili aliotendewa, afya yake ya akili na watoto anaowalea vizingatiwe. Mwenye mahitaji ya afya ya akili awekwe mahali penye vizuizi vichache iwezekanavyo.
- Kanuni ya 64: kwa mjamzito na mwenye watoto wanaomtegemea, adhabu isiyo ya kifungo ipewe kipaumbele inapowezekana.

Jinsi ya kujiandaa

Mtu aliye ndani hawezi kuzunguka kutafuta karatasi. Kazi hii ni ya ndugu, jirani au kiongozi wa RWC. Fanyeni haraka, siku ileile mkiweza.

1. Thibitisheni mahali anapoishi. Pelekeni kitambulisho chake cha ukimbizi, karatasi ya familia iliyotolewa na OPM, na barua ya mwenyekiti wa RWC inayotaja kijiji na muda aliokaa hapo. Hii ndiyo hoja ambayo wakimbizi wengi hupoteza bila sababu. Mtu wa makazini ana anwani. Inatakiwa tu iandikwe.

2. Tafuteni wadhamini wawili au zaidi. Wawe watu wazima wenye vitambulisho, wanaojulikana, na wanaoelewa kwamba wakisaini wanawajibika akitoroka. Kikundi cha akiba, kanisa au msikiti ni mahali pazuri pa kuanzia.

3. Andikeni habari za watoto. Idadi yao, umri wao, nani anayenyonya, nani mgonjwa au mlemavu, nani anawaangalia leo, na mtu huyo anaweza kuendelea mpaka lini. Msiseme tu kwamba ana watoto. Semeni: “Mtoto wa miezi saba ananyonya, na yupo kwa jirani mwenye watoto watano wake mwenyewe.” Hakimu anahitaji kuiona hali.

4. Leteni karatasi za hospitali. Kadi ya kliniki ya mimba, dawa anazotumia kila siku, barua ya mshauri kama yupo. Dawa za UKIMWI, kifafa au kisukari zisikatike hata siku moja.

5. Elezeni kila jibu linaloonekana baya. Kama amehama mara nyingi, semeni kwa nini. Kama hana kazi, semeni anavyoishi. Jibu fupi la “hapana” ndilo linalogeuka kuwa alama ya hatari.

6. Ombeni mkalimani anayefaa. Jirani au ndugu wa mlalamikaji hafai. Kama kuna mambo ya aibu au ya ukatili wa kingono, mwanamke anaweza kuomba mkalimani mwanamke, afisa mwanamke na chumba cha faragha. Kabla ya kusaini, asomewe yote yaliyoandikwa kwa lugha anayoielewa.

7. Tenganisheni maisha na kosa. Kabla ya hukumu, mtu anayeandika habari zako za dhamana anahitaji kujua unaishi wapi na utarudi vipi. Huna lazima ya kumweleza ulifanya nini siku ile. Unaweza kusema kwa heshima: “Hilo nitaongea nikiwa na wakili.”

8. Pendekezeni mpango. Badala ya kuomba huruma peke yake, onyesheni njia. Kwa Mama Neema mpango ungekuwa huu: atahamia mtaa mwingine wa kuchota maji kwa muda, wazee watakaa na pande mbili, ataanza kuonana na mshauri, na ataripoti polisi kila siku atakayopangiwa. Mpango kama huo unashughulikia hatari na mahitaji kwa pamoja, na hakimu anapata kitu cha kuamuru.

Akipelekwa gerezani

Siku ya kupokelewa, aseme mapema kama ni mjamzito, ananyonyesha, anatumia dawa, au anaogopa mtu aliye humo. Sheria ya Magereza ya Uganda ya mwaka 2006 inaruhusu mama kuingia na mtoto mchanga, na Serikali impe mtoto mahitaji yake mpaka afikishe miezi 18. Baada ya hapo hukabidhiwa ndugu au rafiki anayeweza kumlea, na asipopatikana, mamlaka ya ustawi. Kwa hiyo familia ianze mapema kumwandaa mtu wa kumpokea.

Kanuni za Mandela, za mwaka 2015, zinasema mfungwa mkimbizi apewe nafasi ya kuwasiliana na mamlaka ya kitaifa au ya kimataifa yenye kazi ya kuwalinda watu kama yeye. Aombe OPM na UNHCR wajulishwe.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

*Nikisema nilibakwa au nilipigwa, itanidhuru?*
Huna lazima ya kusema. Ukitaka kusema, ongea kwanza na wakili au mshauri, na uombe faragha. Ukisema, ongeza unahitaji nini: daktari, ulinzi, ushauri. Hapo neno lako linaandikwa kama hitaji.

*Nidanganye kwamba nina kazi au ndugu?*
Hapana. Maafisa wanaweza kuja kuuliza. Uongo mmoja ukigundulika unaharibu majibu yako yote ya kweli.

*Nikiri kosa ili nitoke haraka?*
Usiamue bila wakili. Kazi ya huduma kwa jamii hutolewa kwa mtu aliyepatikana na hatia, na hatia hiyo inabaki kwenye historia yako. Kesi nyingine ikija, itaulizwa.

*Saa za kazi ya huduma kwa jamii zikigongana na kunyonyesha?*
Sema kabla ya kukubali. Omba mahali karibu na nyumbani, na saa ambazo kuna mtu wa kukaa na mtoto. Ukikubali masharti usiyoyaweza, ukayavunja, unaweza kurudishwa mahakamani.

*Nitapoteza hadhi ya ukimbizi?*
Kushtakiwa peke yake hakuondoi hadhi yako. Ukitishwa kwamba utarudishwa nchini kwako, mjulishe wakili, OPM na UNHCR mara moja.

*Je, baba anayelea watoto peke yake hasaidiwi?*
Anasaidiwa. Mahakama inaweza kuzingatia hali yake pia, na Kanuni za Bangkok zenyewe zinasema baadhi ya mambo yake, kama wajibu wa mzazi, yanahusu wanaume na wanawake.

Msaada unapatikana wapi?

- Mwenyekiti wa RWC na ofisi ya kamanda wa makazi (OPM): barua na uthibitisho wa makazi.
- Dawati la ulinzi la UNHCR na mashirika yanayofanya kazi nalo katika makazi yako.
- Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere: msaada wa kisheria kwa wakimbizi.
- FIDA Uganda, chama cha wanasheria wanawake.
- Afisa wa probesheni na ustawi wa jamii wa wilaya: habari za watoto na ripoti kwa mahakama.

Kumbuka

- Maswali juu ya maisha yako ni sehemu ya kesi. Yajibu kwa utulivu, ukweli na maelezo kamili.
- Umaskini, kuhama na majeraha ya moyo ni mahitaji. Mwombe anayeandika ayaandike hivyo.
- Mwanamke akikamatwa, mtu mmoja aende polisi na mwingine aende kwa watoto. Msisubiri kesho.